Haja Ndogo na Sitara Yake: Wanaume wa Eastlands na Kipimo cha Mkojo

Wakuu wa mji wa Nairobi walipoijenga Kariokor mwaka 1929, juu ya ardhi iliyokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi katika vita vya kwanza vya dunia, hawakujenga nyumba, walijenga mabweni. Wanaume waliokuja mjini kwa kazi, wake zao wakiwa wamebaki mashambani kwa kuwa mji haukuwakusudia, walilala kitanda kwa kitanda, na mtu aliyelala hivyo hakuwa na siri ya mwili iliyoweza kudumu hata juma moja. Vyoo vilikuwa vya wote. Aliyeamka mara nne usiku kwenda kukojoa alipita mbele ya vitanda vya wenziwe mara nne kwenda na mara nne kurudi, akikanyaga viatu vya watu gizani. Na kabla hajapata kuungama nafsini mwake kwamba ana maradhi, safu nzima ilikuwa imekwisha kumjua.

Naanza na choo wala sianzi na dawa, kwa sababu nimeitafakari historia hii kwa muda, nami nimeridhika kwamba kitu ambacho wanaume wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi, wamekuwa wakikitafuta kwa karibu miaka mia moja, mbele ya dawa na mbele ya tabibu, ni sitara. Leo kijana wa Kayole au shaibu wa Jericho aweza kununua kijikaratasi cha kupimia mkojo, akakichovya faraghani, akaipiga picha rangi iliyotokea na kumpelekea daktari asiyemjua uso. Watu hulisifu jambo hili kuwa ajabu la sayansi, nami sikatai kuwa ni ajabu. Ila njia iliyotufikisha hapo ni ndefu, na sehemu yake kubwa imepita katika kuta, milango na korido za mitaa yetu, kuliko ilivyopita katika wodi za hospitali.

Mtaa wa Pumwani ulitengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na watu wa vijiji vya Mombasa, Maskini na Kaburini wakahamishiwa huko. Miaka kumi na mitano hivi baadaye Pangani nayo ikavunjwa, na Shauri Moyo ikajengwa kuwapokea waliovunjiwa. Wengi wa watu hawa walikuwa Waislamu, wakisema Kiswahili cha mjini, na katika Majengo, makazi yao ya udongo na mabati ya madebe huko Pumwani, walileta pia adabu za pwani za kulitaja jambo hili. Hapana mtu mwenye malezi aliyesema waziwazi kwamba mkojo wake una kasoro. Ilisemwa haja ndogo, ilisemwa msalani. Na maradhi yenyewe yalikuwa na majina ambayo kila moja lilikuwa na kisa chake: kisonono, kilichomwaibisha mtu kwa usaha. Kichocho, kilicholeta damu, nacho aghalabu kilitoka pwani na kwenye mito pamoja na mwenyewe. Na tego, ambalo halikuwa ugonjwa wa tabibu yeyote, kwa kuwa liliaminiwa kuwa limetegwa na mume mwenye wivu.

Mwanamume wa Majengo aliyekuwa akivuja matone baada ya kukojoa hakumwendea daktari kwanza, alimwendea shehe. Maana katika fiqhi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo iliyofuatwa pwani yote, tone moja linaloshuka baada ya mtu kutawadha hutengua udhu wake, na mwenye ugonjwa wa kuvuja, ambao vitabu huuita salasul-bauli, ana hukumu yake: ajisafishe, ajifunge kitambaa, kisha atawadhe upya kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia. Kwa hiyo dalili ambayo daktari wa leo huiandika kwa maneno mawili katika cheti ilikuwa, kwa mzee yule, swali la ibada linalorejea mara tano kwa siku. Na swali lenyewe liliulizwa namna gani? Liliulizwa kwa niaba ya mwingine. "Shehe, kuna rafiki yangu mmoja ana tatizo." Shehe, aliye mtu mzima na mwenye hekima, alijibu swali la rafiki huyo bila ya kuuliza jina lake. Msomaji aiweke sentensi hiyo kando, kwa kuwa tutakutana nayo tena ikiwa imeandikwa kwenye simu.

Tena tusidhani kwamba kumpelekea tabibu habari za mkojo huku mgonjwa mwenyewe akibaki nyumbani ni uzushi wa zama zetu. Ni desturi kongwe kuliko Nairobi mara nyingi. Ishaq bin Sulaiman al-Israili, tabibu wa Qayrawan, aliandika kitabu kizima juu ya mkojo katika karne ya 10. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika Qanun yake masharti ya kuutazama: uwe mkojo wa asubuhi, usiwe umekaa mno katika chombo, na mgonjwa asiwe amekula kitu chenye kutia rangi, kama vile zafarani. Tabibu alitaka chupa nyeupe ya kioo, aina ya qarura, aishike mbele ya nuru na kutazama rangi, uzito na machujo. Chupa ile ilibebwa na mtumishi kupitia njiani, ikafika kwa tabibu, na mwenye mkojo akabaki kitandani. Ulaya nako desturi hiyo ilishika mizizi hata ikaharibika, wadanganyifu wakadai kusoma mustakabali wa mtu katika chupa, mpaka Mwingereza Thomas Brian alipochapisha kitabu cha kuwakashifu mwaka 1637. Hoja yake ingali hai: mkojo usio na mtu hausemi kweli yote.

Maneno tabibu, dawa na maradhi yalitufikia katika mkondo huo huo wa elimu, ijapokuwa vitabu vyenyewe havikufika Majengo. Kilichofika ni kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa wino wa zafarani katika sahani, zikaoshwa kwa maji na kunywewa, na mizizi iliyochemshwa. Simdharau mtu aliyeyatumia hayo. Alikuwa na sababu moja iliyo bora kuliko zote: mganga alikuwa na chumba chenye mlango.

Vita vya pili vya dunia vilibadili mambo. Kabla tu ya vita, mwaka 1938, kampuni ya May & Baker ya Uingereza ilikuwa imetoa vidonge vya salfa vilivyojulikana ulimwenguni kwa herufi mbili za jina lake, na majeshi yakavitumia kutibu kisonono; nyuma yake ikaja penisilini, ambayo kwa sindano moja au mbili ilikomesha maumivu yaliyokuwa yakimtesa mtu kwa miezi. Yule askari aliyerudi, aliyepata kazi ya reli au ya manispaa na kitanda katika Ziwani au Makongeni, alirudi akijua kwamba maradhi yale yana dawa ya kizungu yenye nguvu; na elimu hiyo ilikuwa neema na balaa kwa pamoja, maana tangu hapo wanaume wengi waliamini kwamba kila tabu ya mkojo ni kisonono na kila kisonono kina sindano yake. Shaibu ambaye mkojo wake ulikatikakatika kwa sababu ya tezi iliyokua, ghairi ya uasherati wowote, aliona haya kusema, akihofu kwamba watu watamdhania ujana alioutubia zamani.

Haya hiyo ilipata anwani. Karibu na River Road, jirani na sinema iliyoitwa Casino, Halmashauri ya Jiji ilikuwa na kliniki maalumu ya maradhi ya zinaa, na watu wakaipa jina la sinema: wakaiita Kasino. Jina lake rasmi halikutaja ugonjwa, na bila shaka walioichagulia jina walikusudia kuwasitiri wagonjwa. Lakini mji una macho, na aliyeonekana akipinda kona ile asubuhi ya siku ya kazi hakuhitaji kueleza aendako. Katika historia ya elimu ya tiba mahali pale pana heshima kubwa kuliko ile tuliyopapa sisi wenyeji. Mwaka 1980, pangusa, maradhi ya zinaa yenye kuleta vidonda, ilipokuwa imezidi Nairobi, Profesa Herbert Nsanze wa Chuo Kikuu cha Nairobi alimwalika Allan Ronald wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, waje kuichunguza pamoja. Na kutoka katika ushirikiano huo wa vidonda na usaha ulizaliwa uchunguzi wa UKIMWI uliowasikilizisha walimwengu, wakiwemo wanawake wa Majengo waliofuatwa tangu 1985. Wanaume wa Nairobi nao wamo katika maandishi hayo, wamehesabiwa kwa mamia, bila majina. Pengine hiyo ndiyo mara ya kwanza walipata kutazamwa na kusitiriwa kwa wakati mmoja.

Penisilini haikudumu katika enzi yake. Mwaka 1976 vilitambuliwa Uingereza na Marekani vijidudu vya kisonono vyenye uwezo wa kuivunjavunja dawa hiyo, na katika miaka ya 1980 aina hiyo ilikuwa imeenea Nairobi pia. Sababu zake ni nyingi, na mojawapo, popote ulimwenguni, ni dawa kutumika nusunusu. Na dawa nusunusu, katika mitaa yetu, ni habari ya kemisti.

Kemisti, ambalo kwa Kiswahili cha vitabu ni duka la dawa, lilisimama katika kila kituo cha maduka cha Eastlands, na kwa mwanamume mwenye haya lilikuwa na fadhila tatu: liko karibu, halina foleni ya wagonjwa wanaokutazama, na mwenye duka haandiki jina. Nimewaona kwa macho yangu watu wazima wakizungukazunguka mbele ya rafu ya sabuni na wembe mpaka mwanamke wa mwisho atoke dukani, kisha wakainama dirishani na kusema kwa sauti ya chini kwamba wanataka vile vidonge vya rangi mbili, vinne tu, kwa kuwa fedha ni za vinne. Wengine hawakusema neno. Waliandika katika kipande cha karatasi ya sigara. Kipimo hakikuwapo. Aliyekuwa na kisonono, na aliyekuwa na mawe ya figo, na aliyekuwa na kisukari kinachomkojoza kila saa, wote walitoka na vidonge vile vile vinne.

Majirani zetu wa Uganda, katika miaka ya mwisho ya karne ya 20, waliitazama tabia hii na badala ya kuilaani wakaipa adabu. Waliunda kisanduku kiitwacho Clear Seven, cha kuuzwa madukani kwa wanaume wenye usaha, ndani yake mna dawa kamili za siku saba, kondomu, maelezo, na vikaratasi vya kumpa mwenzi wake naye akatibiwe. Hapakuwa na kipimo ndani yake, wala hapakuwa na daktari. Palikuwa na mgonjwa, chumba chake na kisanduku kilichofungwa vizuri. Mimi nakihesabu kisanduku kile kuwa babu wa kweli wa vipimo vya nyumbani tulivyo navyo leo, kwa kuwa waliokitengeneza walielewa kwamba mwanamume yule hatakuja kliniki kwa kuitwa, na kwamba ni lazima kliniki ikunjwe, itiwe katika boksi, imfuate alipo.

Lakini kisonono ni maradhi ya ujana, na mitaa ya Eastlands imezeeka pamoja na watu wake. Ami yangu mmoja, aliyekuwa fundi wa reli na kukaa Makongeni hata alipostaafu, alianza katika miaka ya sitini ya umri wake kuacha chai baada ya alasiri. Baadaye akaanza kuketi karibu na mlango wa matatu. Alikijua kila choo kilichoko baina ya nyumba yake na stendi ya mabasi ya Machakos, kipi kina maji, kipi kina mlinzi mkali, na alizipanga safari zake kwa ramani hiyo ambayo hakumwonyesha mtu. Sisi vijana tulidhani ni ukaidi wa uzeeni. Usiku mmoja mkojo ukafunga kabisa, tumbo likavimba kama ngoma, akapelekwa hospitali akilia, yeye ambaye hatukuwahi kumwona akilia hata katika mazishi. Wakamtia mpira, na kwa muda wa miezi alipokuwa akingoja kupasuliwa alitembea na mfuko wa mkojo chini ya koti la mvua, jua likiwaka. Tezi dume, ambayo kwa kijana haizidi ukubwa wa ndimu changa na ambayo imeuzunguka mfereji wa mkojo chini ya kibofu, huanza kukua taratibu katika umri wa makamo. Hadubini huionyesha dalili hiyo katika kiasi cha nusu ya wanaume walio baina ya miaka 51 na 60. Ami hakuwa na jambo la kuonea haya. Alikuwa na jambo la kawaida kama mvi, akalificha kama wizi.

Turudi kwenye majengo, maana hapo ndipo habari inaponivuta kila mara. Baada ya mabweni zilikuja nyumba za familia, Kaloleni katika miaka ya 1940, kisha Maringo na Jericho katika mitaa iliyopewa jina la Ofafa, diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953. Katika miaka ya 1970 zikaja Buruburu na Umoja, na Buruburu ilikuwa na kitu ambacho babu wa Kariokor angekiona cha anasa kuliko redio na kabati: choo ndani ya nyumba. Halafu Dandora. Mpango wa Dandora, ulioanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kuwa na viwanja takriban 6,000, ulikuwa na fikra moja ninayoipenda: mji haukumjengea mtu nyumba, ulimjengea choo na bafu, ukaleta maji na kuondoa taka, na vyumba ukamwachia ajijengee kwa uwezo wake. Kiwanja kilianza kwa choo. Laiti mambo yangebaki hivyo! Lakini mwenye kiwanja alijenga vyumba sita, akapangisha vitano, na choo kile kimoja kikawa cha watu ishirini; na baadaye, huko Pipeline na kwingineko, yakapanda magorofa ya korido ndefu zenye vyumba mkabala, kila sakafu na vyoo vyake viwili au vitatu mwishoni. Bweni la Kariokor lilikuwa limerudi, safari hii limesimama wima. Usiku, korido ikiwa giza na mlango wa chini umefungwa, wanaume kwa wanawake hutumia kopo chumbani, na asubuhi hulitoa kwa kulifunika.

Simu, kwa upande wake, haikuletwa katika utabibu wa nchi hii kwa ajili ya watu wa Eastlands. Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, waliasisi shirika la Madaktari wa Ndege ambalo leo ni Amref, na kwa mawimbi ya redio kutoka Nairobi hospitali za mbali zikaweza kuuliza na kujibiwa na tabibu aliye umbali wa maili mia kadhaa. Mwuguzi wa jangwani alikuwa karibu na daktari kuliko fundi wa Makongeni, ambaye hospitali aliiona kwa macho yake lakini hakuithubutu. Kwa fundi huyo mlango ulifunguka polepole: simu za mkononi zikashuka bei, M-Pesa ikaja mwaka 2007 na kumwezesha mtu kulipa bila kuonekana akilipa, na mwaka 2011 Safaricom pamoja na kampuni ya Call-a-Doc wakafungua nambari 1525, mtu apige na azungumze na daktari. Jambo la maana katika nambari ile lilikuwa dogo: daktari hakumwona mpigaji. "Daktari, namuulizia rafiki yangu." Ndiyo sentensi ile ya Majengo, imevuka miaka themanini bila kubadilika hata neno.

Mwaka 2017 serikali ilianzisha rasmi kipimo cha kujipima virusi vya UKIMWI, na duka la dawa la mtandaoni MYDAWA likawa miongoni mwa waliokiuza na kukipeleka hadi mlangoni kwa mnunuzi. Waliokuwa wakisema kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuaminiwa na kipimo walinyamazishwa na jambo hilo, kwa kuwa ikiwa ameaminiwa na kizito kile, seuze kijikaratasi cha mkojo. Kisha likaja janga la korona la mwaka 2020. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza Machi 27, na tarehe 6 Mei Eastleigh ilifungwa, asiingie mtu wala asitoke. Hospitali ziliogopwa, na madaktari wengi waliokuwa wakiidharau simu walijikuta hawana chombo kingine. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilikuwa imekwisha kuutambua utabibu wa njia hiyo, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 ikauwekea mipaka yake.

Basi leo daktari wa simuni humuuliza nini mzee wa Jericho? Humuuliza maswali saba yaliyotungwa na chama cha madaktari wa mkojo cha Marekani mwaka 1992, kila moja likijibiwa kwa nambari kutoka 0 hadi 5, na jumla ikizidi 19 tabu ni kubwa. Maswali hayo hayahitaji macho wala mkono, na kwa hiyo yamefaa simu kana kwamba yalitungwa kwa ajili yake. Nami naongeza kwamba yanafaa Kiswahili kuliko yanavyofaa Kiingereza, maana pale Mwingereza anapohangaika kueleza haja inayomjia mtu kwa ghafla na nguvu, sisi twasema mkojo umenibana, na kila mtu ameelewa. Na kujikamua, na kukatika, na kubakisha, ni maneno ambayo mwenye ugonjwa huyasema mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Baada ya maswali, mzee huambiwa anunue jagi ya plastiki yenye mistari, na kwa muda wa siku tatu aandike saa na kiasi cha kila mkojo, usiku na mchana. Vipo vyombo vya gharama kubwa vya kazi hii, na zipo programu za simu zinazosikiliza mlio wa mkojo ukianguka majini na kukisia kasi yake. Hata hivyo mimi naishika jagi. Jagi hufichua siri moja ambayo mtambo wa kupima kasi hauijui: ikiwa mkojo wa usiku wa mzee unazidi theluthi ya mkojo wake wa siku nzima, basi yamkini tezi haina kosa, na yafaa kutazama moyo, figo, sukari, au namna anavyopumua usingizini. Wazee wangapi wamemeza vidonge vya tezi kwa kosa la miguu iliyovimba!

Kijikaratasi nacho kina nasaba yake. Alfred Free na mkewe Helen Free, wanakemia wa Elkhart, Indiana, walitoa mwaka 1956 kile cha kwanza cha kuchovya cha kupimia sukari katika mkojo, na baadaye miraba ya rangi ikaongezwa hata kikafikia kumi. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu kipimo cha kampuni ya Kiisraeli ya Healthy.io, ambacho rangi zake husomwa na kamera ya simu. Ukisoma maelezo ya kijikaratasi chochote utamkuta Ibn Sina ameketi ndani yake: mkojo uwe wa asubuhi, upimwe ungali mpya, na mahali pa zafarani pamewekwa vitamini C, ambayo ikizidi mwilini huzifanya damu na sukari zisionekane katika miraba. Yapo pia mengine ambayo mwenye duka hayasemi. Mraba wa naitraiti, unaotafuta alama ya vijidudu, huhitaji mkojo uliokaa kibofuni saa nne hivi, na mtu anayekojoa kila saa hana mkojo wa namna hiyo. Tena viko vijidudu, vya kisonono vikiwemo, ambavyo haviugeuzi mraba huo kamwe. Mwanamume aliyechovya, akauona mraba mweupe, akashukuru Mungu, huenda ameshukuru mapema. Na mkojo wa mwanamume ukiwa na maambukizi si jambo la kukomea kwenye kijikaratasi. Yafaa upelekwe maabara ukaoteshwe, kwa kuwa kwa mwanamume kuna sababu nyuma yake mara nyingi kuliko ilivyo kwa mwanamke.

Kuhusu saratani ya tezi dume, iliyo ya kwanza kwa wingi miongoni mwa saratani za wanaume wa Kenya, vinauzwa vipimo vya tone la damu vyenye mstari mmoja au miwili, navyo sivisifu. Kiasi cha PSA, protini ya tezi dume inayopimwa katika damu, hupanda kwa saratani, hupanda kwa tezi iliyokua bila saratani, hupanda kwa maambukizi, hupanda hata kwa tendo la ndoa la jana yake. Mstari hauelezi ni lipi. Bado kuna kidole cha daktari cha kuipapasa tezi, ambacho wanaume wa mitaani hukizungumza kwa mizaha mirefu ili wasikizungumze kwa ukweli, na ambacho hapana simu iliyopata kukirithi. Wala hapana simu ya kumfungulia mtu aliyefungwa mkojo kama ami yangu: huyo ni wa kubebwa usiku huo huo.

Juzi kijana mmoja wa Pipeline alinionyesha kipimo chake, alichoagiza kwa simu na kuletewa na mwendesha bodaboda katika mfuko usio na maandishi. Sitara ilikuwa imehifadhiwa kutoka ghalani mpaka mlangoni. Alichovya chooni, mwisho wa korido, akasimama na saa mkononi, kwa kuwa mraba wa sukari husomwa baada ya sekunde thelathini, wa damu baada ya dakika moja, lakini ule wa chembe nyeupe za damu, ambao ndio alioutaka, hungoja dakika mbili kamili. Sakafu ile ina vyumba kumi na sita na vyoo viwili, na kimoja kilikuwa kimeziba. Katika dakika ya kwanza mtu aligonga mlango. Katika ya pili walikuwa watatu, na mmoja wao, kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia, akauliza huko ndani kuna mtu anafanya nini muda wote huo.